Nani Ana Ruhusa ya Kuandika Kwenye Tovuti Yako?

Siku hizi mgeni anayetaka kulala Diani huanza na tovuti, kisha ndiyo apige simu. Nahodha wa Shimoni anayepeleka watalii Kisite kuona pomboo ana ukurasa wenye picha, bei na nambari ya kulipia. Kikundi cha kina mama wa Msambweni wanaouza mafuta ya nazi kina ukurasa. Shule ina ukurasa, msikiti unaochangisha pesa za kisima una ukurasa, na vijana wanaoandika habari za ardhi, za maji na za bursari hapa Kwale nao wana tovuti zao.

Sasa chukua ukurasa mmoja tu kati ya hizo, ule wa kisima, na mtu aibadilishe nambari ya Paybill. Picha ni zile zile, jina la imamu ni lile lile, maneno ni yale yale. Jamaa aliye Mombasa au Nairobi anafungua, anasoma, anatuma shilingi elfu mbili, anamwomba Mungu apokee. Hakuna kengele itakayolia. Kamati itagundua baada ya wiki mbili, watu watakapoanza kuuliza mbona kisima hakisogei.

Au chukua tovuti ya habari. Mtu akiingiza habari moja ya uongo kuhusu shamba lenye mgogoro, chini ya jina la mwandishi anayeaminika, itasomwa kwenye simu kutoka Lunga Lunga mpaka Kinango kabla mhariri hajaamka. Kwetu sisi habari ya ardhi ikipindishwa, watu huumia.

Wengi tukisikia tovuti imedukuliwa tunadhani kuna mtu mwenye akili za ajabu aliyekesha akibahatisha neno la siri. Mara nyingi mambo si makubwa hivyo. Programu iliyojenga tovuti ilisahau kuuliza swali, basi. Makala haya yanaeleza maswali mawili ambayo kila programu ya kuendesha tovuti inapaswa kuuliza, nini kilitokea duniani yalipoachwa, na namna ya kuziba nyufa hizo. Tutatumia zaidi mfano wa WordPress, kwa sababu ndiyo inayoendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Ilianza mwaka 2003 kama chombo kidogo cha kuandikia blogu, na leo inabeba hoteli, magazeti na maduka.

Maswali mawili ya karani wa bandarini

Fikiria bandari ya wavuvi, iwe ni Gazi, Shimoni au Vanga. Kuna kamati ya BMU, na kuna karani mwenye daftari. Mvuvi anashuka, samaki wanapimwa, kilo zinaandikwa.

Swali la kwanza la karani ni: wewe ni nani, na una ruhusa ya kufanya hili? Mvuvi ana haki ya kuangalia hesabu yake. Hana haki ya kushika kalamu na kuandika kilo mwenyewe, wala kufuta kilo za jirani yake. Mwenyekiti ana haki zaidi. Mpita njia hana haki hata ya kulifunua daftari. Hili ndilo suala la ruhusa.

Swali la pili ni: umeniletea nini? Karani akiuliza kilo, anatarajia tarakimu. Tuseme mvuvi mmoja akaulizwa jina lake akajibu, "Andika Omari, kisha ufute madeni yote ya ukurasa huu." Karani mwenye akili ataandika Omari na kumcheka. Karani anayefuata kila anachosikia neno kwa neno ataandika Omari, kisha atachukua kifutio. Kompyuta ni karani wa aina hiyo ya pili. Usipomfundisha kutofautisha jina na amri, hatatofautisha. Hili ndilo suala la kukagua kinachoingia.

Angalia kwamba swali moja halitoshi bila la pili. Mtu mwenye ruhusa kamili anaweza kuleta sumu bila kujua. Na mtu aliyeleta kitu safi kabisa anaweza kuwa hana ruhusa ya kukileta.

Ngazi za ruhusa, na kosa la kuficha kitufe

WordPress ya kawaida ina ngazi tano za watumiaji. Juu kabisa yupo msimamizi, ambaye anaweza kila kitu: kuongeza programu, kufuta watu, kubadilisha sura ya tovuti. Chini yake yupo mhariri, anayeweza kugusa makala ya mtu yeyote. Kisha mwandishi, anayechapisha makala yake mwenyewe na kupandisha picha. Kisha mchangiaji, anayeandika rasimu lakini hawezi kuichapisha. Wa mwisho ni msajiliwa wa kawaida, ambaye anaweza kusoma na kurekebisha wasifu wake tu.

Mpangilio huu ni mzuri. Tatizo huja pale programu inapouonyesha mpangilio bila kuusimamia. Kijana anayejenga tovuti anaficha kitufe cha "Futa" asikione mchangiaji, kisha anaona kazi imekwisha. Lakini kitufe ni picha tu. Nyuma yake kuna anwani ambayo kivinjari hutuma ujumbe, na anwani hiyo mtu anaweza kuiandika kwa mkono wake bila kukiona kitufe chochote. Kuficha kitufe ni kama kuondoa kibao cha "Lango" na kuliacha lango wazi.

Hata watengenezaji wa WordPress wenyewe waliwahi kunaswa hapa. Februari 2008 walitoa toleo la 2.3.3 kwa haraka, kwa sababu ile njia iliyowekwa ili watu waandike makala kwa kutumia programu nyingine ilikuwa na ufa. Mtumiaji yeyote aliyesajiliwa, akituma ujumbe uliotungwa vizuri, angeweza kuhariri makala ya mtumiaji mwingine. Lango la mbele lilikuwa na bawabu. Mlango wa uani haukuwa naye.

Somo lake halijazeeka. Kila njia ya kuingilia ihojiwe yenyewe: ukurasa wa msimamizi, programu ya simu, fomu, na zile anwani ambazo programu huzitumia kuzungumza na programu nyingine.

Siku "1abc" ilipofungua mlango

Kisa cha mwaka 2017 ndicho kinachofundisha zaidi, kwa sababu maswali yote mawili yalikosewa mahali pamoja.

Toleo la 4.7 la WordPress lilikuja na njia mpya ya programu kusoma na kuandika makala. Kila makala ina nambari. Ukitaka kuhariri makala nambari 1, unatuma ujumbe kwenye anwani inayoishia na 1. Anwani yenyewe ilikuwa inakaguliwa: haikubali chochote ila tarakimu. Lakini mtu angeweza kubandika nambari ya pili pembeni mwa anwani, na programu ikaiamini hiyo ya pembeni kuliko ile iliyokaguliwa. Kwa hiyo anaandika 1 kwenye anwani, kisha pembeni anaandika "1abc".

Bawabu wa ruhusa akachukua "1abc" na kuitafuta makala yenye jina hilo. Hakuna makala ya namna hiyo. Kwa jinsi alivyofundishwa, kama makala ipo, angeuliza, "Je, mtu huyu anaruhusiwa kuihariri?" Makala haipo, basi hakuuliza chochote. Akamwambia mgeni apite.

Ndani, karani wa kuandika akaipokea "1abc" ile ile. Yeye alifundishwa kugeuza kila kitu kuwa nambari kabla ya kazi. Programu nyingi zikiambiwa zigeuze "1abc" kuwa nambari hubakisha 1 na kutupa herufi. Akafungua makala nambari 1, akaandika alichoambiwa. Mtu asiye na akaunti, asiye na neno la siri, akawa amebadilisha makala ya mwenyewe.

Mtafiti wa kampuni ya usalama ya Sucuri aliugundua ufa huo na kuwaarifu WordPress Januari 20. Toleo la 4.7.2 lililouziba lilitoka Januari 26. Wenyewe walinyamaza kwa makusudi karibu wiki nzima ili tovuti zijisasishe, kisha Februari 1 wakatangaza ufa wenyewe ulikuwa nini. Tovuti ambazo zilikuwa zimesasishwa zilisalimika. Zilizobaki nyuma zilianza kuvamiwa ndani ya siku chache, na kampuni za usalama zikahesabu kurasa zaidi ya milioni moja zilizochafuliwa. Wavamizi walikuwa wanashindana kufuta maandishi ya wenzao.

Dawa yake ilikuwa fupi. Kwanza, kama makala haipo, toa kosa na usimame hapo hapo. Pili, nambari ikaguliwe mara moja, na kitu kilichokaguliwa ndicho hicho hicho kitumike mpaka mwisho. Bawabu na karani wasisome barua moja kwa macho mawili tofauti.

Kinachoingia si lazima kiwe kile unachokidhani

Mwaka 2011 kulikuwa na programu ndogo ya kupunguza ukubwa wa picha iitwayo TimThumb. Wauzaji wengi wa sura za tovuti waliibeba ndani ya bidhaa zao, kwa hiyo ilikuwa imelala kwenye tovuti ambazo wenyewe hawakujua hata jina lake. Iliruhusiwa kuchukua picha kutoka tovuti chache zinazoaminika, kama vile flickr.com na blogger.com.

Kosa lilikuwa kwenye ukaguzi. Ilichokiangalia ni kama maneno "blogger.com" yanapatikana mahali fulani ndani ya anwani. Mwizi akasajili jina lake na kuweka maneno hayo mbele, ikawa blogger.com, nukta, kisha jina la tovuti yake. TimThumb ikaona maneno inayoyatafuta, ikaridhika, ikapakua "picha" ambayo kwa kweli ilikuwa programu ya mwizi, na kuihifadhi ndani ya tovuti mahali inapoweza kuendeshwa. Ni kama bawabu aliyeambiwa, "Ruhusu watu wa Hamisi," akampitisha kila anayelitaja jina la Hamisi.

Ukaguzi wa kweli huangalia kitu kizima: jina la tovuti lilingane mwanzo hadi mwisho, faili iwe picha kwa ndani wala si kwa jina tu, na kilichopakuliwa kisiwekwe kwenye folda ambamo sava hukubali kuendesha programu.

Kuna aina mbili nyingine ambazo kila anayejenga tovuti Ukunda au Kwale mjini atakutana nazo.

Ya kwanza ni amri iliyofichwa ndani ya jibu, kama yule Omari wetu wa bandarini. Tovuti ya nyumba za wageni ina kisanduku cha kutafuta chumba. Programu inachukua neno la mteja na kuliunganisha na amri inayokwenda kwenye hifadhidata. Mteja mwema anaandika "Diani". Mwovu anaandika alama ya nukuu na kipande cha amri, na hifadhidata inamtolea orodha ya wateja wote: majina, simu, na tarehe ambazo nyumba zao zitakuwa tupu. Dawa ni kutounganisha kamwe maneno ya mgeni na amri. Amri huandikwa kwanza ikiwa na nafasi tupu, kisha neno la mgeni hujazwa kwenye nafasi hiyo kama neno tu. WordPress ina chombo chake cha kazi hiyo, $wpdb->prepare, na hakuna sababu ya kutokitumia.

Ya pili ni maandishi yanayogeuka kuwa programu yakifika kwenye kivinjari cha mtu mwingine. Mgeni anajaza fomu ya kuulizia chumba, na kwenye jina lake anaweka kipande cha kodi. Kodi hiyo hailali kwenye sava ikafa. Inasubiri. Msimamizi anapofungua ukurasa wa maombi asubuhi, kivinjari chake kinaiendesha kwa ruhusa za msimamizi. Inaweza kutengeneza akaunti mpya ya msimamizi bila yeye kuona chochote. Hapa dawa ina nusu mbili. Maandishi yasafishwe yanapoingia, na yafungwe tena yanapotoka kwenda kwenye ukurasa, ili alama zake zionekane kama alama tu. Wengi hufanya nusu ya kwanza na kusahau ya pili, na ya pili ndiyo ngao kubwa zaidi.

Hatari kubwa iko kwenye plagini

Kiini cha WordPress kina macho mengi yanayokiangalia. Plagini ni hadithi nyingine. Hizi ndizo programu ndogo unazozibandika juu: ya kupokea nafasi za vyumba, ya kuonyesha picha, ya M-Pesa, ya fomu. Nyingine zimeandikwa na kampuni kubwa, nyingine na mtu mmoja aliyekuwa na muda mwaka fulani kisha akaacha.

Novemba 2018 plagini iliyoitwa WP GDPR Compliance, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya laki moja, ilikutwa na ufa. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wenye tovuti kufuata sheria ya Ulaya ya kulinda data za watu. Ndani yake kulikuwa na njia ya kubadilisha mipangilio ya tovuti ambayo haikumuuliza mtu ni nani. Wavamizi wakafanya mambo mawili: wakawasha usajili wa watu wapya, kisha wakaweka kwamba kila anayejisajili awe msimamizi. Baada ya hapo walijisajili kama watu wa kawaida, wakaingia kama wenye nyumba.

Septemba 2020 ikawa zamu ya plagini ya kusimamia faili, iitwayo File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya laki saba. Ndani yake lilibaki faili la mfano lililotoka kwenye programu nyingine, na mtu yeyote angeweza kuliita moja kwa moja na kupandisha faili lake kwenye sava. Kulizuia hakukuhitaji ufundi mkubwa. Lilikuwa halipaswi kuwepo.

Hapa nyumbani hatukusalimika. Januari 2012 tovuti 103 za serikali ya Kenya zilichafuliwa kwa mkupuo mmoja na mtu kutoka Indonesia aliyejiita Direxer, ambaye iliripotiwa alisema alifuata mafunzo aliyoyapata mtandaoni. Tovuti za wizara na za idara ziliamka zikiwa na ukurasa wake. Kama serikali yenye watu wake wa kompyuta ilifikwa na hayo, tovuti ya kikundi isiyo na fundi isijione ndogo mno kutafutwa. Wavamizi hawachagui jina. Wana programu zinazopita kwenye mamilioni ya anwani zikitafuta ufa mmoja wanaoujua.

Kwa wenye tovuti wasioandika kodi

Mwenye cottage Diani au katibu wa kikundi hahitaji kujifunza kuandika programu. Anahitaji mambo machache, na ayafanye kwa mpangilio huu.

Anza na orodha ya watumiaji. Ifungue na uulize kila jina ni la nani. Mara nyingi utamkuta kijana aliyeijenga tovuti miaka minne iliyopita, ambaye leo yuko Qatar au amebadilisha kazi, na bado ni msimamizi mkuu. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Lakini neno lake la siri la zamani likivuja popote, tovuti yako imekwenda nalo. Wasimamizi wawasiwe zaidi ya wawili. Anayeandika makala apewe uandishi, anayehariri apewe uhariri, na kila mtu awe na akaunti yake. Akaunti moja ya watu sita haina mwenyewe, na siku ya shida hutajua nani alifanya nini.

Kisha angalia usajili. Kama huhitaji watu wapya wajisajili wenyewe, uzime. Kama unauhitaji, hakikisha anayejisajili anaanzia ngazi ya chini kabisa.

Kisha pitia plagini. Usiyoitumia ifute. Kuizima hakutoshi, kwa sababu faili zake hubaki kwenye sava na nyingine huitwa moja kwa moja hata zikiwa zimezimwa. Iliyokaa miaka miwili bila toleo jipya, itafutie mbadala. Plagini au sura ya kulipia uliyoipata bure kwenye kundi la WhatsApp iondoe leo, kwa maana aliyeivunja kufuli yake hakukufanyia hisani.

Kisha sasisha. WordPress imekuwa ikijisasisha yenyewe kwa matoleo madogo ya usalama tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013, na tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 unaweza kuruhusu plagini zijisasishe pia. Wapo wanaozima haya kwa kuogopa sura ya tovuti kuvunjika. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni kuwa na nakala ya tovuti nzima iliyohifadhiwa nje ya sava, na kuijaribu kama inarudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa tovuti hujengwa msimu wa wageni, wakati fundi anadai bei mara mbili.

Mwisho, kwa kila msimamizi washa hatua ya pili ya kuingia, ile ya nambari inayotoka kwenye simu. Haizibi nyufa tulizozitaja, ila inapunguza milango.

Kwa vijana wanaojenga

Wapo vijana wengi Kwale wanaojengea watu tovuti kwa shilingi elfu kumi na tano au ishirini, wengine wamejifunzia saiba. Maneno haya ni yao.

Kila kitendo kinachobadilisha kitu kiulize ruhusa pale pale kinapotendeka. WordPress imekupa current_user_can kwa kazi hiyo. Usiuchanganye na is_admin, ambao jina lake limewadanganya wengi. Wenyewe hauulizi kama mtu ni msimamizi. Unauliza tu kama ombi limekuja kwenye upande wa kurasa za usimamizi, na ombi hilo mtu asiye na akaunti anaweza kulituma. Ukitengeneza njia mpya ya programu kuzungumza na tovuti, iandikie permission_callback. Tangu toleo la 5.5 WordPress hukuonya ukiisahau, kwa hiyo onyo hilo usilifiche.

Ruhusa pekee haitoshi. Msimamizi wako akibofya kiungo kibaya alichotumiwa, kivinjari chake kinaweza kutuma amri kwa jina lake bila yeye kukusudia. Ndiyo maana kila fomu hubeba alama ya muda mfupi inayothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa wako. WordPress huiita nonce. Iweke kwenye fomu, na uikague inaporudi. Lakini nonce haichukui nafasi ya ruhusa. Vyote viwili viwepo.

Kwa kinachoingia, anza kwa kujiuliza kinapaswa kuwa nini. Nambari iwe nambari, tarehe iwe tarehe, chaguo liwe mojawapo ya uliyoyaorodhesha. Kisicholingana kikatae, usijaribu kukirekebisha kwa kubahatisha, kwa maana kisa cha "1abc" kilianzia hapo. Kwa maandishi huru tumia sanitize_text_field yanapoingia na esc_html yanapotoka. Kwa hifadhidata, tumia prepare.

Kisha jaribu kazi yako kabla hujaikabidhi. Tengeneza akaunti ya ngazi ya chini, ingia nayo kwenye kivinjari kingine, kisha bandika anwani zile zile anazozitumia msimamizi. Tuma fomu ikiwa tupu, ikiwa na herufi penye nambari, ikiwa na alama za nukuu kwenye jina. Fanya hivyo kwenye tovuti yako au ya mteja aliyekubali. Kwenye tovuti ya mtu mwingine, sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inahesabu kuingia bila idhini kuwa kosa linaloweza kukugharimu faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, hata kama nia yako ilikuwa kusaidia. Ukiuona ufa wa mwenzako, mwandikie kimya kimya umweleze.

Tovuti ikishavamiwa

Usikimbilie kufuta. Chukua kwanza nakala ya hali ilivyo, kwa sababu ndiyo ushahidi. Kisha ifunge kwa wageni kwa muda. Badilisha maneno ya siri ya wasimamizi, ya hifadhidata na ya akaunti ya sava, na ubadilishe zile funguo za siri zilizo kwenye faili la wp-config ili wote walioingia watolewe. Angalia orodha ya watumiaji kama kuna msimamizi usiyemjua. Angalia folda ya picha kama kuna faili za php. Pale hazina kazi. Rudisha nakala ya kabla ya uvamizi, sasisha kila kitu, ndipo ufungue. Ukifungua kabla ya kuuziba ufa wenyewe, watarudi jioni.

Kama nambari ya malipo iliguswa, waambie watu siku hiyo hiyo, kwa maneno yanayoeleweka, na uripoti nambari ya uongo kwa kampuni ya simu na polisi. Kitengo cha kitaifa cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupokea taarifa za mashambulizi ya namna hii. Na kama majina, simu au nyaraka za watu zilifikiwa na kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Sheria hiyo haisemi ni kwa makampuni ya Nairobi tu. Cottage yenye nakala za pasipoti za wageni wake inahusika.

Wapo watakaosema aibu hiyo bora inyamaziwe. Lakini aliyetuma mchango wake wa kisima kwenye nambari ya mwizi ana haki ya kujua mapema, akiwa bado ana nafasi ya kuomba muamala urudishwe. Kamati ikikaa kimya, atakayebaki akishukiwa ni mweka hazina.

Leo usiku, baada ya Isha, ingia kwenye tovuti yako na ufungue ile orodha ya watumiaji. Hesabu wasimamizi. Ukikuta jina usiloweza kusema ni la nani, umeshajua kazi ya kesho inaanzia wapi.